Mwenye kovu usidhani kapoa: Mapafu yetu yachunguzwe hapa nyumbani

Kama unaishi Ruiru, Juja au Thika, kuna mtu huyu unamjua. Labda ni konda wa mathree ya 237, labda ni jirani yako kwenye ploti, labda ni yule mama anayekaanga mandazi pale stage. Alipatikana na TB miaka miwili mitatu iliyopita, akameza dawa miezi sita bila kukosa, akapimwa, akaambiwa amepona. Lakini bado anakohoa. Akipanda ngazi hadi orofa ya tatu, anasimama njiani kushika ukuta. Kila Julai baridi ikishuka anaugua tena. Anaenda kwa kemisti, anauziwa antibiotiki, anapata nafuu wiki moja, halafu kifua kinarudi vile vile. Akienda hospitali anapimwa TB upya. Hakuna TB. Anaambiwa aende nyumbani apumzike.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Huyu jamaa ana kovu, ila liko ndani ya mapafu, mahali ambapo hakuna mtu anaangalia. Bakteria wa TB walikufa, lakini walishaharibu njia za hewa. Nyingine zimepanuka na kulegea, nyingine zimeziba. Ute unatuama humo kama maji kwenye mtaro uliojaa takataka, na palipotuama ute, vijidudu vingine hujenga makao. Hivi ndivyo maambukizi yanavyokuwa ya kujirudia, mwaka baada ya mwaka.

Leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo kwa mara ya kwanza linasikika kama hadithi ya sinema: wanasayansi wanaotesha kipande cha njia ya hewa ya binadamu ndani ya maabara, kisha wanakiambukiza makusudi ili waone kinavyougua. Tunaamini kazi hii inahusu watu wa Thika Road kuliko wengi wanavyodhani. Na tunaamini inafaa kufanywa hapa kwetu, kwa seli zetu, na kwa masharti yetu.

Si ugonjwa wa wazee

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Vijana wengi hufikiri ugonjwa sugu wa mapafu ni wa mzee aliyevuta sigara miaka 40. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule madaktari huuita COPD, uliua watu takriban milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Kati ya wanaouawa nao kabla ya kufika miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani nchi kama yetu.

Majirani zetu Uganda waliwahi kuupima ugonjwa huu vizuri. Utafiti uliofanywa wilayani Masindi na kuchapishwa mwaka 2015 ulipata kwamba asilimia 16.2 ya watu wazima wa zaidi ya miaka 30 waliopimwa walikuwa na COPD. Zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa hao walikuwa na miaka kati ya 30 na 39. Karibu wote waliopimwa walikuwa wakiishi na moshi wa kuni au makaa. Miaka 30 si uzee. Huo ni umri wa mtu anayelipa rent, anayelea mtoto wa kwanza, anayetafuta pesa ya kununua boda yake.

Sasa jiangalie wewe na mazingira yako. Kuna jiko la makaa ndani ya chumba kimoja chenye dirisha dogo. Kuna vumbi la machimbo ya mawe ya Ndarugo, yale mawe yanayojenga hizi orofa zote tunazoishi. Kuna moshi wa jaa la Kang'oki pale Thika. Kuna lori za dizeli na matatu zilizobanana Githurai jioni nzima. Ongeza kwamba Kenya ni mojawapo ya nchi 30 ambazo WHO inazihesabu kuwa na mzigo mkubwa zaidi wa TB duniani. Ukijumlisha hayo yote, unapata mapafu mengi machanga yenye makovu.

Njia ya hewa ndani ya kijisahani

Kazi yenyewe inafanywaje? Mhudumu anaingiza kijiburashi kidogo puani na kukizungusha sekunde chache. Inawasha, machozi yanakutoka, lakini si upasuaji. Wakitaka seli za ndani zaidi, daktari hutumia mrija wenye kamera unaopitishwa hadi kwenye mapafu. Seli zinazopatikana zinalishwa kwa maji yenye virutubisho hadi ziongezeke. Kisha zinapandwa juu ya utando mwembamba wenye vitundu vidogo sana, ndani ya kijisahani cha plastiki.

Hapo ndipo ujanja ulipo. Seli zikishajaa, maji ya juu yanaondolewa. Chini zinaendelea kulishwa, juu zinaguswa na hewa, kama zilivyo ndani ya kifua chako. Zinakaa kwenye kabati lenye joto la nyuzi 37. Baada ya takriban wiki nne zinakuwa zimegeuka tishu kamili: nyingine zinatoa ute, nyingine zimeota vinyweleo vidogo vinavyopiga mawimbi kwa pamoja, kama nyasi upepo ukipita. Kazi ya vinyweleo hivyo ni kusukuma ute na uchafu juu, nje ya mapafu. Unaweza kuviona vikifanya kazi hiyo kwa hadubini, mwili wenyewe haupo.

Kuna mbinu nyingine pia. Watafiti wa Uholanzi wameotesha vijiviringo vya tishu za njia ya hewa vinavyoishi ndani ya maji mazito. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walitangaza kifaa kidogo cha plastiki chenye seli za mapafu ambacho hujivuta na kujiachia kama mtu anayepumua.

Jambo linalotuvutia zaidi ni kwamba seli hizi zina kumbukumbu. Ukichukua seli za mtu mwenye COPD na kuziotesha katika mazingira safi, kwa wiki kadhaa bado zinatoa tishu yenye kasoro: ute mwingi kupita kiasi, vinyweleo vichache. Ugonjwa umeandikwa ndani ya seli. Kwa hiyo mtafiti anaweza kuweka tishu ya mgonjwa na ya mtu mzima wa afya kando kwa kando, akaziambukiza kirusi kile kile cha mafua, akaona ni kwa nini mmoja anapona kwa siku tatu na mwingine analazwa.

Na hii si nadharia tu. Januari 2020, dunia ilipokuwa haijui ni nini kinaua watu Wuhan, watafiti wa Uchina walitumia seli za njia ya hewa za binadamu zilizooteshwa maabara kukinasa kirusi kipya. Ndicho tulichokuja kukiita cha korona.

Kwa nini sahani ya kawaida haitoshi

Kwa kawaida, ukitoa makohozi hospitalini, maabara huotesha bakteria kwenye sahani na kuwawekea antibiotiki. Dawa ikiwaua, unaandikiwa hiyo. Ni kipimo muhimu na tungependa kifanywe mara nyingi zaidi. Lakini sahani si kifua. Ndani ya njia ya hewa iliyoharibika, bakteria kama Pseudomonas hujikusanya na kujifunika kwa utando wao wenyewe, chini ya ute mzito. Dawa iliyowamaliza kwenye sahani inaweza kushindwa kuwafikia huko. Tishu yenye ute na vinyweleo inamwonyesha mtafiti vita jinsi vilivyo.

Hili lina uzito kwa sababu dawa zinatuishia. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Yule jamaa wetu anayenunua antibiotiki kila Julai bila kupimwa hana makosa, anatafuta pumzi. Lakini kila dozi ya kubahatisha inawafundisha bakteria wake ukaidi, na si wake peke yake. Sote tunapanda matatu moja, madirisha yamefungwa.

Maswali ya wengine, vifua vyetu

Sasa tufike kwenye kiini. Sehemu kubwa ya kazi hii imefanyika Ulaya, Marekani na Uchina, kwa seli za wagonjwa wa huko. Ni haki yao kujichunguza. Utafiti mwingi kuhusu maambukizi sugu ya mapafu umesukumwa na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojulikana zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya. Wagonjwa hao wamefaidika kweli kweli. Uholanzi, tishu zilizooteshwa kutokana na vipande vidogo vya utumbo wa wagonjwa zimetumika kukisia ni dawa gani itamfaa nani, kabla hajaimeza.

Lakini vifua vinavyokohoa Kiandutu na Kimbo vina historia nyingine. Viliharibiwa na TB, na nimonia ya utotoni, na moshi wa makaa, na vumbi la mawe. Nani ameotesha tishu ya fundi wa mawe wa miaka 28 aliyepona TB, akaipulizia moshi wa jiko, akaona vinyweleo vyake vinafanya nini mafua yanapoingia? Swali kama hilo haliwezi kumkosesha usingizi mtu wa Boston. Linapaswa kutukosesha usingizi sisi.

Tena mahali pa kulijibu papo. Kati ya Ruiru na Thika kuna Juja, na Juja kuna JKUAT, chuo kilichoanza mwaka 1981, chenye wanafunzi wanaosomea baioteknolojia na baiolojia ya molekuli. Thika kwenyewe kuna Mount Kenya University na hospitali ya Level 5. Nairobi kuna KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoundwa mwaka 1979. Ni mwendo wa matatu moja.

Na asituambie mtu ati Thika si mahali pa sayansi kubwa. Thika ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa Partners PrEP, uliohusisha wenzi zaidi ya 4,700 wa Kenya na Uganda na kuthibitisha kwamba tembe ya kila siku inaweza kumkinga mtu dhidi ya HIV. Halafu ukaja utafiti wa KEN SHE kuhusu chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walijitolea Thika, Nairobi na Kisumu, na miongoni mwa viongozi wa utafiti alikuwa Dkt Nelly Mugo wa KEMRI. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja tu inakinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili hatari zaidi za kirusi hicho. Desemba mwaka huo huo, WHO ilikubali ratiba ya dozi moja. Wasichana wa rika lako, wengine wa mtaa wako, walisaidia kubadilisha sera ya dunia nzima. Kama mikono yetu iliweza, mapafu yetu pia yanaweza.

"Lakini hata inhela hakuna"

Tunajua kuna msomaji ameshaanza kukunja uso. Mnatuambia mambo ya kuotesha tishu na hospitali nyingi za umma hazina hata kifaa cha kupima pumzi? Mtu anakosa inhela, nyinyi mnataka hadubini?

Hoja hiyo ni nzito na hatuikwepi. Mgonjwa wa leo hawezi kungoja maabara ya kesho. Kifaa cha kupuliza ili kupima nguvu ya mapafu si teknolojia ya ajabu, na kila hospitali ya Level 4 na Level 5 inafaa kuwa nacho pamoja na mtu anayejua kukitumia. Inhela zinafaa kupatikana mwaka mzima. Kila anayemaliza dawa za TB anafaa kupimwa mapafu kabla ya kuagwa. Tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo swali hili liulizwe Kiambu, lisirushwe Nairobi.

Ila tusikubali mtego wa kuchagua kimoja. Nchi zinazonunua majibu ya wengine milele hulipa bei ya wengine milele. Korona ilitufunza hivyo tulipopanga foleni kusubiri chanjo wenzetu wakiwa wameshachanjwa. Na sheria tayari tunayo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema hazina ya taifa ya utafiti itengewe asilimia mbili ya pato la taifa. Fedha hizo hazijawahi kufika kiwango hicho. Kila bajeti inasomwa, kila mwaka tunapiga makofi au tunapiga kelele kuhusu ushuru, na kipengele hicho kinapita kimya.

Tuseme ukweli pia kuhusu ugumu wenyewe. Tishu hizi hazivumilii mchezo. Stima ikipotea usiku mmoja na jenereta isiwake, mwezi mzima wa kazi umeharibika. Vimiminika vya kuzilisha huagizwa ng'ambo na lazima visafiri kwenye baridi. Vikikwama bandarini au uwanja wa ndege, vinaoza. Anayetaka kufanya kazi na TB hai anahitaji chumba chenye ulinzi wa hali ya juu. Na hata kila kitu kikienda sawa, tishu ya kijisahani haina damu inayozunguka, na kwa kawaida haina jeshi lote la kinga la mwili. Inaonyesha sehemu ya picha. Dawa iliyofaulu humo bado lazima ijaribiwe kwa watu, kwa uangalifu. Anayekuambia maabara hii itakuponya mwaka ujao anakudanganya.

Seli zangu, ruhusa yangu

Kuna sharti moja ambalo hatutalegeza. Mwaka 1951, hospitali moja ya Baltimore, Marekani, ilichukua seli za saratani za mama mweusi aliyeitwa Henrietta Lacks bila kumwomba ruhusa. Alifariki mwaka huo huo. Seli zake zilitumika kote duniani, kampuni zikatajirika, na familia yake kwa miaka mingi haikujua lolote. Ni mwaka 2023 tu ambapo kampuni moja kubwa ya vifaa vya maabara iliafikiana na familia hiyo.

Kwa hiyo siku mtu atakapokuja Makongeni au Kihunguro na kijiburashi cha puani, aje na maelezo kwa Kiswahili au Kikuyu ambayo mtu wa kawaida anaelewa, si karatasi kumi za Kiingereza na mahali pa kutia sahihi. Aseme seli zitatumika kwa nini, zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama zitavuka mpaka. Aseme nani atapata faida zikizaa dawa. Mtu awe huru kukataa, na akikataa asinyimwe matibabu. Sheria ya Afya ya 2017 inagusia tishu za binadamu, na ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za afya yako. Jukumu letu ni kuhakikisha zinafuatwa.

Tena kufaidika kusiishie kwenye shukrani. Maabara ikijengwa, anayeshika bomba la kupimia awe ni kijana wa hapa. Tuna watu wenye digrii za baioteknolojia wanaouza mitumba wikendi na kufanya kazi ya mkono Jumatatu. Seli zikisafirishwa Ulaya kwenye barafu, ajira na ujuzi husafiri nazo.

Wewe ufanye nini

Kama unakohoa zaidi ya wiki mbili, nenda upimwe TB, na ukianza dawa, maliza. Kama ulipona TB na bado unahema, usikubali kuambiwa ni uoga; ulizia kipimo cha nguvu ya mapafu. Usinunue antibiotiki kwa kubahatisha. Jiko la makaa liwashiwe nje, na lisiwahi kulala nanyi chumbani. Kama unachimba mawe au unachomelea vyuma, mwajiri wako anafaa kukupa barakoa ya kazi, si kitambaa.

Na mikutano ya bajeti ya kaunti inapoitwa, nenda. Katiba ya 2010 inakupa haki ya mazingira safi kwenye kifungu cha 42 na haki ya afya kwenye kifungu cha 43. Uliza mambo mawili tu: waliopona TB wanafuatiliwa vipi, na pesa za utafiti ziko wapi. Ukifika peke yako watakupuuza. Mkifika 20, wataandika.

Yule konda wa 237 bado yuko mlangoni, anaita abiria huku akikatiza sauti kwa kikohozi. Hospitali ilimwambia amepona, na kwa karatasi amepona. Anahitaji mtu wa kuangalia kovu lake kwa makini, na mtu huyo hafai kuwa mbali kuliko Juja.